Ukitaka kasi, jifunze kukaa chini

Kila mwaka mashindano ya shule yakikaribia, kibanda changu cha ushonaji hapa Ngamiani, Tanga, hupata wageni wa aina moja: mama mbele, na nyuma yake binti wa miaka 14 au 15 anayetazama sakafu. Wanataka suruali ya michezo na ushungi usioruka. Nikishamaliza kupima kiuno, mama hushusha sauti. "Dada fundi, nasikia zamani wewe ulikuwa mkimbiaji. Huyu naye ana mbio huyu, shuleni kwao hakuna wa kumshika, hata wavulana. Sasa afanye nini?"

Huwa nawajibu, ajifunze kukaa chini. Wengi hudhani nawakejeli. Mmoja aliondoka akinung'unika kwamba wivu wa ujana haujanitoka.

Basi nimeona niyaandike, kwa binti anayeanza na kwa mzazi anayemlipia nauli. Mimi si bingwa. Nilikimbia mita 100 na 200 tangu darasa la sita, nikavaa jezi ya mkoa mara mbili, na nikiwa na miaka 18 nyama za paja la kushoto zikachanika katikati ya mbio, nikaanguka kifudifudi mbele za watu. Riadha yangu ikaishia hapo. Miaka iliyofuata nimekuwa pembeni ya uwanja nikiwaona watoto wa wenzangu wakivunjwa kwa njia ileile, na Jumamosi nina kikundi changu kidogo cha mabinti.

Kosa lenyewe, la kumchosha mkimbiaji wa mbio fupi kana kwamba ni wa mbio ndefu, lina historia yake. Tanzania ni nchi ya mbio ndefu. Tunajivunia Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, Suleiman Nyambui na medali yake ya fedha ya mita 5,000 Moscow 1980, na sasa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025. Kwa hiyo mwalimu wa michezo, hata kama ni mwalimu wa hisabati aliyepewa filimbi kwa sababu ni kijana, kichwani mwake kukimbia ni kuvumilia. Usipochoka hujafanya mazoezi. (Tena huyo huyo Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Kilichoamua ni mchomoko wa mwisho, lakini hilo halisemwi sana.)

Sisi tulikimbizwa alfajiri mpaka Kange na kurudi. Jioni, mita 100 mara kumi na mbili mfululizo, anayelegea anaongezewa mbili. Nilikuwa nikitapika najiona shujaa. Sikujua kwamba kuanzia ile ya nne sikuwa tena nakimbia kwa kasi. Nilikuwa naufundisha mwili wangu kwenda polepole huku nimekunja uso.

Misuli inapotoa kasi yake yote hutumia akiba ya nguvu inayokwisha ndani ya sekunde chache, na akiba hiyo hairudi mpaka utulie dakika kadhaa. Makocha wengi wa mbio fupi wana kipimo chepesi: kila mita 10 ulizokimbia kwa kasi kamili, pumzika dakika 1. Umekimbia mita 60, kaa dakika 6. Si kutembeatembea ukichungulia simu. Kaa, kunywa maji mafunda mawili, nyoosha miguu, kisha inuka ukazunguke kidogo kabla ya zamu yako. Mabinti zangu wakishapasha misuli moto vizuri, kwa nusu saa nzima, hukimbia mita 60 mara nne au tano tu, basi. Mlinzi wa uwanja aliwahi kuniuliza, "Hawa wamekuja mazoezini au wamekuja kupiga soga?" Nikamwambia wamekuja kusubiri.

Dalili ya kuacha ni rahisi. Saa ikianza kuonyesha umepungua, au miguu ikianza kupiga kishindo badala ya kudunda, siku hiyo imekwisha hata kama ulipanga mbio mbili zaidi. Hapo ndipo mabinti hodari hunisumbua, maana hodari hapendi kuambiwa aondoke. Mimi nilikuwa hivyo. Paja langu lilinivuta siku tatu kabla halijachanika, sikumwambia mtu.

Sasa nimwingize mwanamke ninayemtumia kila Jumamosi kama ubao wa kufundishia. Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika, aliyezaliwa Desemba 1986 katika mtaa wa Waterhouse, Kingston, mtaa wa watu wa hali ya chini, na mama mchuuzi. Ana urefu wa mita 1.52. Binti yeyote mfupi anayeambiwa shuleni kwamba mbio ni za twiga, amkumbuke huyo. Alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 100 Beijing 2008 kwa sekunde 10.78 akiwa na miaka 21, akairudia London 2012 kwa 10.75. Ubingwa wa dunia wa mita 100 kaubeba mara tano: 2009, 2013, 2015, 2019 na 2022. Muda wake bora wa maisha, 10.60, aliupata Lausanne Agosti 2021, akiwa na miaka 34.

Rudi hapo kwenye namba. Kutoka 10.78 mpaka 10.60 ni sekunde 0.18. Pepesa jicho, ni kama hivyo. Na kipande hicho cha kupepesa jicho kimemchukua miaka kumi na tatu, na kocha, na maumivu ya kidole cha mguu kabla ya Rio 2016 alikopata shaba, na ujauzito katikati. Halafu wewe unakuja kwangu mwezi wa tatu ukitaka uwe umepunguza sekunde nzima ifikapo mwezi wa sita. Mwanzoni utapunguza haraka, ni kweli, kwa sababu hujui kuchomoka na mikono inapepea kama mtu anayefukuza nyuki. Ukishafundishwa hayo, kinachobaki huja kwa matone.

Na usiniambie wao wana viwanja. Jamaika nzima ina watu kama milioni 2.8. Mkoa wetu wa Tanga, kwa Sensa ya 2022, una zaidi ya milioni 2.6. Klabu ya MVP iliyomlea Fraser-Pryce, chini ya kocha Stephen Francis, ilikulia kwenye uwanja wa nyasi wa chuo. Walichotuzidi ni mashindano yao ya shule za sekondari, yaliyoanza mwaka 1910 na hayajakoma, ambako uwanja wa taifa hujaa kumtazama mtoto wa kidato cha pili. Sisi hapa watu wanafurika uwanja wa Mkwakwani kwa ajili ya timu ya soka ya Coastal Union, riadha ya shule watazamaji ni wauza barafu.

Tuje kwenye kuanza, maana hapo ndipo binti mgeni anaweza kuvuna mapema.

Vibao vya kuanzia tunavyo vya fundi seremala: ubao mmoja mrefu na vipande viwili vilivyokatwa mshazari, vinapigiliwa ardhini kwa misumari ya inchi sita. Kwanza tunatafuta mguu. Simama umefumba macho, miguu pamoja, mimi nikusukume mgongoni ghafla. Mguu utakaotangulia kukudaka usianguke ndio mguu mwepesi, unakaa kibao cha nyuma. Ule mwingine ndio wa nguvu, unakaa mbele. Kisha pima kwa nyayo zako mwenyewe, kisigino kwa kidole: kibao cha mbele nyayo mbili kutoka mstarini, cha nyuma nyayo tatu. Hicho ni cha kuanzia tu. Baada ya wiki mbili utajua kama unabanwa au unaelea. Usiazime vipimo vya rafiki yako. Nilikuwa naazima vya dada mmoja aliyenizidi kichwa kizima, na kila mara nilikuwa nachomoka kama mtu anayetoka chini ya kitanda.

Mikono iachane upana wa mabega, vidole vimejenga daraja nyuma ya mstari. Ukiambiwa tayari, nyonga zipande ziwe juu kidogo ya mabega, usizirushe. Na macho? Kila binti mgeni anaangalia mwisho wa uwanja, kule kwenye kamba. Tazama udongo. Ukiinua kichwa, kifua kinafuata, na ukishasimama wima hatua ya tatu, hakuna tena cha kusukuma. Tunayo kamba ya mkonge, imesokotwa vizuri, na tairi bovu la gari dogo. Binti anafungwa kiunoni kwa mkanda wa kitambaa nilioushona mwenyewe, anavuta tairi mita 20. Lile tairi linafundisha kuliko mdomo wangu: ukisimama wima mapema linakurudisha, ukilala mbele na kusukuma ardhi nyuma yako, linakuja. Baada ya mbio tatu za tairi namfungua, nampumzisha, nampa moja bila kitu. Uso wake katika ile mbio moja ndio mshahara wangu wa Jumamosi.

Baada ya mita 30 hivi umeshainuka. Wanawake wengi hufikia kasi yao ya juu kati ya mita 50 na 60, na kuanzia hapo kila mtu anapungua, hata bingwa wa dunia. Anayeonekana kuchomoka mwishoni kwa kweli anapungua kidogo kuliko wenzake. Ndiyo maana ukijikaza mita za mwisho unaharibu. Mashavu yalegee. Mimi huwaambia wakimbie kana kwamba wana yai mdomoni, na yupo mmoja wa Makorora aliyekuja na yai kweli, la kuchemsha.

Jambo moja kuhusu kuondoka kabla ya mlio. Tangu mwaka 2010 sheria ya dunia haina msamaha: ukiondoka mapema mara moja umetolewa. Na kwenye mashine, ukiitikia chini ya sekunde 0.100 baada ya mlio unahesabiwa umeondoka mapema hata kama umesikia. Mimi nilikuwa na tabia ya kumsikiliza mwalimu anavyovuta pumzi kabla ya kugonga mbao za kuanzishia mbio. Shuleni kwetu iliniletea ushindi. Nilipofika mashindano ya mkoa mgongaji alikuwa mwingine, pumzi yake ndefu, nikajikuta niko peke yangu mita kumi mbele uwanja mzima unacheka.

Na saa. Hapa nawaomba wazazi msome mara mbili, maana machozi mengi nimeyaona yametoka kwenye saa ya mkononi. Mwalimu anakuja na habari kwamba mtoto amekimbia 11.8. Muulize alikuwa amesimama wapi, na aliibonyeza saa aliposikia au alipoona. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama kwenye kamba, mlio unakufikia karibu sekunde 0.3 baada ya mtoto kuondoka. Hizo 0.3 umempa zawadi. Mpiga saa anatakiwa kutazama moshi wa bastola, au mbao zinapokutana, au kitambaa kinachoshushwa. Na hata akifanya vizuri, muda wa mkono wa mita 100 huongezwa sekunde 0.24 ndipo ulinganishwe na wa mashine. Kwa hiyo ile 11.8 ya kusikiliza huenda ni 12.3 ya kweli. Si aibu, 12.3 kwa binti wa kidato cha pili ni nzuri mno. Aibu ni kumpeleka Dar akiamini ni 11.8, kisha mashine imwambie mbele ya wenzake. Ongeza na upepo: kaskazi ikikusukuma mgongoni zaidi ya mita 2 kwa sekunde, muda huo hauhesabiwi kwenye rekodi. Sisi wa pwani tunaupenda upepo, ila tusiuweke kwenye cheti.

Wengi hupenda kukimbia ufukweni, kule Raskazone maji yakipwa. Mchanga uliolowa ni mgumu na mzuri, lakini umelala upande. Ukienda, rudi kwa njia ileile, mguu mmoja usibaki chini siku zote. Mchanga mkavu uachie siku za kutembea. Spaiki za mitumba, yaani viatu vya mbio vyenye misumari, ukizipata nunua, ila zikaze: dole gumba liguse mbele bila kujikunja. Misumari mirefu ya kukimbilia udongo usiende nayo kwenye tartani, ile sakafu ya raba ya viwanja vikubwa.

Chakula sitakisema sana. Siku ya mashindano kula mapema na kula ulichozoea. Mbaazi za nazi na mahamri ni raha ya Tanga, lakini ukizila saa mbili asubuhi nazo zitashiriki mbio. Mwezi wa Ramadhani tunapunguza kila kitu, mita 30 mara nne karibu na magharibi, kisha tunafuturu pamoja.

Dawa ni jambo zito zaidi. Mwaka 2010 Fraser-Pryce, tayari bingwa wa Olimpiki na wa dunia, alipimwa Shanghai akakutwa na oksikodoni. Ni dawa ya maumivu. Alieleza kuwa aliinywa kwa ajili ya jino. Akafungiwa miezi sita. Jino tu! Sisi hapa tuna mazoea ya kuingia duka la dawa na kusema "nipe kitu cha kifua". Baadhi ya vidonge vya mafua vina pseudoefedrini, ambayo kwa siku ya mashindano imepigwa marufuku ikizidi kiwango. Binti wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, huenda asipimwe hata mara moja, lakini mazoea hujengwa sasa. Tunza karatasi ya kila dawa uliyopewa, mwambie muuza dawa kwamba wewe ni mwanariadha, na unga wowote wa kopo unaouzwa kwa jina la kuongeza nguvu uache dukani. Na nenda kliniki ya meno kabla ya msimu.

Kuhusu umri sitazunguka. Watakuja watu kukuambia upunguze miaka miwili ili ubaki kundi la watoto. Utashinda watoto kweli, halafu siku ya kutafuta nafasi ya masomo nje, cheti cha kuzaliwa, cha shule na pasipoti vitakataana. Nimemwona binti mwenye mguu wa ajabu akikwama kwa hilo peke yake.

Sasa mavazi, ambayo ndiyo riziki yangu. Hapa kwetu mzazi mwingi humkataza binti kukimbia kwa sababu ya kaptura, si kwa sababu ya mbio. Huwa nawasimulia habari za Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain, aliyekimbia Olimpiki ya Athens 2004 na Beijing 2008 akiwa amejisitiri kichwa mpaka miguu, na katikati yake, mwaka 2006, akashinda dhahabu ya mita 200 kwenye Michezo ya Asia mjini Doha. Ushungi wa kukimbilia usiwe na ncha za kupepea. Naushona kwa kitambaa cha kunyumbulika, unaingia kichwani kama soksi, unashuka na kuishia ndani ya fulana, na mshono unakaa nyuma ya sikio usimkwaruze. Suruali ibane kifundoni. Pamba nene usivae, ikilowa jasho inakuwa mzigo. Mama mmoja wa Chumbageni alinikubalia binti yake akimbie baada ya kuuvuta ushungi ule kwa nguvu zake zote na kuona hautoki.

Watasema wewe jike dume. Watasema mapaja yako yameharibika, nani atakuoa. Semeni na shangazi zenu mapema, kabla wasemaji hawajafika kwao. Shangazi akiwa upande wako nusu ya mtaa unanyamaza.

Hedhi mnanificha, na mnaumia bure. Andika tarehe kwenye daftari lilelile unaloandikia mbio. Siku nyingine utajisikia mzito, siku nyingine mwepesi, na baada ya miezi minne utaona mpangilio wako. Ikikatika miezi mitatu na huna mimba, si ushujaa wa mazoezi. Huenda unakula kidogo kuliko unavyotumia, na mifupa inalipa. Nenda hospitali, usisubiri.

Na mimba yenyewe. Hapa mjini binti akijifungua, kila mtu anafunga kitabu chake: mbio zimekwisha, bahati mbaya. Wenye kufunga kitabu hicho haraka kuliko wote, naona, ni walimu wa michezo. Sisemi zaeni mapema, mama zenu watanitupia cherehani yangu barabarani. Nasema kwa wale ambao imeshatokea, na wapo, wawili wako kikundini kwangu. Fraser-Pryce alijifungua mwanawe Zyon Agosti 2017, kwa upasuaji wa dharura, wiki ileile wenzake wakikimbia mashindano ya dunia London bila yeye. Miaka miwili baadaye, Doha 2019, akiwa na miaka 32, alishinda mita 100 kwa 10.71 na kuzunguka uwanja akiwa amembeba mtoto. Muda wake bora kabisa ulikuja baada ya hapo, si kabla. Ila alirudi taratibu, na alikuwa na watu wa kushika mtoto. Wale wawili wa kwangu walianza kwa kutembea, kisha mazoezi ya tumbo miezi mitatu bila kugusa spaiki. Mmoja mama yake mzazi ndiye huja na kitukuu chake mgongoni, hukaa naye chini ya mwembe mpaka tumalize. Ni mwanamke mwenye maneno machache na uji wa pilipili manga usio na mfano. Nimesema kitukuu, ni mjukuu. Lakini mama wa bibi huyo, ambaye kwake ni kitukuu kweli, naye huja siku nyingine.

Shule msiiache. Si wasia wa kawaida wa wakubwa huu. Mbio fupi hukatika siku moja, kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, nawaambia kwa sababu niliisikia. Fraser-Pryce alimaliza shahada yake ya makuzi ya watoto na vijana mwaka 2012, mwaka uleule wa dhahabu ya London. Mimi niliyekuwa nakosa vipindi kwa ruhusa ya michezo, ushonaji ulinikuta sina kingine.

Ambaye si wa kwanza shuleni asikate tamaa, kuna mbio za kupokezana vijiti. Hapo timu inahitaji wanne, na wa nne kwa kasi mwenye mikono mizuri anamzidi wa pili anayegeuka nyuma kutazama kijiti. Mpokeaji haangalii. Anaondoka mwenzake anapokanyaga alama tuliyoichora kwa chokaa, anakimbia kama hakuna kijiti, na mkono anaurudisha nyuma anaposikia "shika!" Kiganja kitulie, asikitafute. Zoezi hili tunalifanya hata tukiwa tumekaa, wanne kwa mstari kwenye majani, kijiti kinapita kutoka nyuma kwenda mbele mara hamsini bila mtu kugeuka. Watoto wa jirani huja kutazama wakidhani ni mchezo wa kombolela.

Mwaka 2008 Jamaika wenyewe walikuwa na maneno mengi kuhusu huyo Shelly-Ann. Kwenye mchujo wa taifa alikuwa wa pili, na Veronica Campbell-Brown, jina kubwa, akawa wa nne. Wapo waliotaka mdogo amwachie nafasi. Alibaki, akaenda Beijing, akavuka kamba akicheka na vishikio vya chuma vya meno vikimeremeta, na nyuma yake Wajamaika wenzake wawili wakapata wote medali ya fedha kwa muda mmoja, 10.98. Nawaelezea hili siku ya kupanga timu, kwa sababu siku hiyo lazima atakuja mtu na jina la mtoto wake mfukoni. Kwetu mshindi wa mchujo ndiye anayeenda, na mchujo unapigwa saa mbele ya wote.

Tunaanza Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijakaa sawa. Anayekuja kwa baiskeli aiegeshe upande wa ukuta, si chini ya mwembe. Njoo umekula kidogo, na daftari, na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Spaiki si lazima mwezi wa kwanza. Lete na kanga ya kukalia. Majani asubuhi huwa na umande, na utakaa sana.